Mkono Haujifunzi kwa Siku Moja



Mara nyingi twasikia wasimamizi wakisema kwamba kuchuma chai, kukata mkonge au kulisha mashine kiwandani ni kazi isiyohitaji ujuzi, na kwamba mtu yeyote aweza kuifanya tangu siku ya kwanza. Maneno hayo hutugharimu. Kwa sababu yake mgeni hupangiwa kipande kilekile cha mwenzake mwenye miaka kumi kazini, na akishindwa kukimaliza hukatwa ujira na kuitwa mvivu. Hapa tutaeleza jinsi mwili unavyojifunza kazi, ili tuwe na la kujibu tunapokaa mezani na waajiri.

Tuanze na mchumaji wa chai, awe Uganda, Rwanda au Burundi. Siku za kwanza macho yake hufuata kila jani, naye hujiuliza: hili limekomaa, au bado? Akili yake yote imo kazini, na jioni huwa amechoka kuliko wenzake ingawa kapu lake halikujaa. Baada ya majuma kadhaa makosa hupungua, na vitendo vilivyokuwa mbalimbali huanza kuungana. Mwishowe mikono yote miwili huchuma majani mawili na chipukizi huku mwenyewe akizungumza na jirani yake wa mstari wa pili. Wataalamu wawili wa Marekani, Paul Fitts na Michael Posner, walizieleza hatua hizi katika kitabu chao cha mwaka 1967: kwanza kufikiri, pili kuunganisha, tatu kutenda bila kufikiria kila tendo.

Kwa nini jambo hili huchukua muda? Jicho likiona kosa, hupita karibu sehemu moja ya tano ya sekunde kabla mkono haujaanza kujirekebisha. Pigo la panga au la nyundo ni la haraka. Likiisha kuanza, jicho limekwisha kuchelewa. Basi ubongo hulazimika kulipanga pigo mapema. Likiisha, hupokea habari kutoka kwenye macho, misuli na viungo, na kulinganisha yaliyotokea na yaliyotarajiwa. Sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, iitwayo serebela, hulitumia kosa la sasa kusahihisha pigo lijalo.

Katika miaka ya 1920 Nikolai Bernstein, aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi Kuu ya Kazi mjini Moscow, aliwafunga wafanyakazi taa ndogo ndogo mkononi, akawapiga picha walipokuwa wakigonga patasi kwa nyundo. Aligundua kwamba hata fundi hodari harudii pigo lilelile. Bega, kiwiko na kifundo cha mkono hubadilika kidogo kila mara, lakini nyundo hufika palepale. Maana yake ni kwamba ujuzi wa mkono ni uwezo wa kutatua shida ileile upya kila mara, kwani jani, mti au chuma cha sasa hakilingani kabisa na cha kwanza. Ndiyo sababu maelezo ya msimamizi peke yake hayatoshi. Mgeni sharti atende, akosee, alione kosa lake, kisha atende tena.

Tena kujifunza hakuishi upesi. Mwaka 1959 Mwingereza E. R. F. W. Crossman alichapisha hesabu za wafanyakazi wa kiwanda cha sigara kubwa. Zilionyesha kwamba kasi ya mtu iliendelea kuongezeka hata baada ya kutengeneza sigara zaidi ya milioni moja. Kazi kama hiyo yawezaje kuitwa kazi isiyo na ujuzi?

Namna ya kufundisha nayo ina uzito. Mwaka 1978 Alan Baddeley na D. J. A. Longman walieleza jinsi wafanyakazi wa posta wa Uingereza walivyofundishwa kupiga chapa. Waliofanya mazoezi saa moja kwa siku walihitaji jumla ya saa chache kuliko waliokazana saa nne kwa siku. Ni kweli kwamba siku za mafunzo zilikuwa nyingi zaidi, na wenyewe hawakuridhika, wakidhani wanakwenda polepole. Hata hivyo mikono yao ilishika vizuri. Mapumziko na usingizi ni sehemu ya kujifunza.

Kuna na hatari. Mkono uliozoea mashine ya zamani hukimbilia mahali pake pa zamani, hasa mtu anapoharakishwa. Kama mashine mpya husimamishwa kwa kuvuta mpini, na ile ya kwanza ilisimamishwa kwa kuusukuma, basi siku ya msukosuko mkono utasukuma. Hapo ndipo vidole hukatika, na baadaye husemwa kwamba mfanyakazi alizembea.

Kwa hiyo, katika mikataba yetu na waajiri yafaa tudai mambo haya:

1. Mgeni alipwe kwa siku wakati wa kujifunza, wala asipimwe kwa kipande cha mzoefu.

2. Mazoezi ya kazi ngumu yagawanywe katika vipindi vifupi, na pawe na mapumziko.

3. Mzoefu apewe muda wa kumwonyesha mgeni makosa yake, bila kipande chake mwenyewe kupunguziwa malipo.

4. Mashine ikibadilishwa, wote wanaoitumia wafundishwe upya kabla ya kutakiwa kufikia kasi ya kawaida.

5. Miaka ya kazi ya mikono ihesabiwe kuwa ujuzi wakati wa kupanga ngazi za mishahara.

Nasi wazoefu tuna wajibu wetu. Tusimcheke mgeni kwa sababu kapu lake ni jepesi. Tumwonyeshe pole pole, tumwache ajaribu, na msimamizi akimwita mvivu, tuseme wazi kwamba mtu huyo bado anajifunza.