Mchezo Usiotuhesabu Miongoni mwa Wachezaji

Wazee wa Kisumu wachezapo ajua kivulini, hakosekani mtazamaji wa kuwaambia kwamba wamekosea. Hana kokoto mkononi, wala hakualikwa, lakini neno lake husikilizwa maadamu aweza kuonyesha shimo lililosahauliwa. Nimeukumbuka ustaarabu huo kwa sababu ya mchezo mwingine, unaochezwa kwa kompyuta.

Mchezo wenyewe waitwa Victoria 3. Ulitolewa Oktoba 2022 na kampuni ya Paradox ya mjini Stockholm, Uswidi, nao unabeba jina la malkia yule yule ambaye Speke alilibandika ziwa letu jina lake, ilhali lilikuwa na lake tayari: Nam Lolwe. Mchezaji huchagua nchi mwaka 1836, akaiongoza kwa miaka 100. Hutoza kodi, hujenga viwanda na reli, hutunga sheria, hufanya biashara na kupigana vita. Ni mchezo mgumu. Mtu aweza kukesha nao siku nyingi kabla hajaelewa kwa nini bei ya chuma imepanda.

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Gem, aliniletea malalamiko yake kuhusu mchezo huo ili nimsahihishie lugha kabla hajayatuma kwa watengenezaji. Alikuwa amejaa hasira, na alikuwa na sababu. Jamii nyingi za bara la Afrika Mashariki zimetiwa katika kundi la nchi zisizo na mamlaka ya kati, na nchi ya kundi hilo haichaguliki. Imo ramanini ili itwaliwe na wengine. Hata watu wake wakiasi, ni kompyuta inayowaendesha. Barua ya kijana ilikuwa na matusi ya mistari miwili na ombi la mstari mmoja: Wajaluo wapewe mfalme na bendera.

Matusi niliyafuta mara moja. Watengenezaji hawa si viziwi. Wachezaji walipolalamikia namna vita vinavyoendeshwa, kampuni ilitoa toleo la majaribio mwaka 2023, ikakusanya maoni, na Novemba mwaka huo ikabadilisha mfumo mzima wa majeshi. Waliosikilizwa ni wale walioonyesha kasoro ilipo.

Kasoro yetu iko wapi? Mimi ni mtu wa isimu, nami naiona kwanza katika jina. Kumwita mtu kwa kile asichokuwa nacho ni kukataa kutazama alicho nacho. Ni kama kumwita mvuvi wa Dunga "asiyelima". Marehemu Profesa Bethwell Ogot, katika kitabu chake cha 1967 kuhusu historia ya Wajaluo wa kusini, aliyakusanya masimulizi ya wazee na kutuonyesha jamii zilizojipanga. Palikuwa na piny, yaani nchi yenye mipaka na watu wake. Palikuwa na ruoth aliyeiongoza. Na palikuwa na buch piny, baraza lililoamua mambo ya nchi hiyo. Mamlaka yalikuwapo, ila hayakurundikwa mahali pamoja.

Ndiyo maana niliukataa mstari wa mfalme pia. Nilimwambia kijana kwamba dawa hiyo tumekwisha kunyweshwa. Sheria ya wakuu wa vijiji ya mwaka 1902 iliipa serikali ya kikoloni uwezo wa kuteua machifu kwa sababu mtawala alitaka mtu mmoja wa kuamrisha. Kudai mfalme wa kubuni ili tukubaliwe mchezoni ni kujipima kwa kipimo cha yule yule aliyetudharau.

"Lakini Mwalimu," akanijibu, "Piny Owacho nao waliomba chifu mkuu."

Alisema kweli. Desemba 1921 vijana waliosomea Maseno, walimu wakiwa miongoni mwao, walikutana na umma huko Lundha, Gem, wakiongozwa na Jonathan Okwiri. Walipinga kipande, kodi na kugeuzwa kwa nchi kuwa koloni mwaka 1920. Katika madai yao limo ombi la chifu mkuu. Nilinyamaza kidogo, kwani kijana alikuwa amenionyesha shimo nililolisahau.

Hata hivyo, tuuangalie waraka wao wote. Ombi hilo lilikwenda sambamba na madai ya baraza la kutunga sheria la Nyanza na hati za kumiliki ardhi. Waliomba mkuu wao wenyewe, ndani ya mpango walioutunga wenyewe, na wakasema kwa jina la nchi. Piny owacho maana yake ni "nchi imenena". Anayeamua aina ya uongozi ni mwenye nchi, si mchora ramani.

Barua iliandikwa upya, kurasa mbili, bila tusi. Inaeleza piny, ruoth na buch piny, inataja kitabu cha Ogot, na inaomba mchezaji aruhusiwe kuongoza muungano wa nchi ndogo zenye mabaraza yao. Sijui kama itajibiwa.

Walimu wenzangu, tusiwakaripie vijana hawa kwamba wanapoteza muda. Kijana aliyeudhiwa na ramani yuko tayari kusoma historia. Tumpe kitabu, kisha tumsahihishie barua yake. Naye akituonyesha shimo tulilolisahau, tulitazame.