Kwa Nini Watu Hushika Upinde? Maelezo ya Kiisimujamii kuhusu Uwindaji wa Mishale

1.0 Utangulizi

Katika semina moja ya semantiki, mwandishi wa makala haya aliwaomba wanafunzi wa uzamili wataje sehemu za mshale. Ncha waliitaja, na manyoya waliyataja. Lakini wano, yaani ule ufito unaobeba chembe, hapakuwa na aliyelijua jina lake, na upote, yaani ugwe wa upinde, walidhani ni kosa la chapa. Podo lilijulikana kwa wawili watatu waliowahi kusoma tenzi. Hata hivyo, wanafunzi hao hao walipoulizwa juu ya tasnifu zao walizungumza kwa ufasaha kuhusu malengo mahususi na walengwa wa utafiti. Hawakufikiri kwamba kulenga ni kazi ya jicho na mkono wa mtu aliyeshika silaha, na kwamba mlengwa, kwa asili ya neno lenyewe, ni yule anayeelekezewa mshale.

Tukio hili linadokeza kwamba upinde umetoweka mikononi mwa wengi wetu lakini bado umo katika lugha yetu. Linazusha pia swali linalostahili kujibiwa kitaalamu: kwa nini wapo watu ambao hadi leo hushika upinde na kwenda kuwinda, ilhali ziko njia nyepesi zaidi za kupata kitoweo? Swali hili aghalabu hujibiwa kwa neno moja tu. Akiwa mwindaji ni maskini, husemwa kuwa ni njaa. Akiwa tajiri, husemwa kuwa ni starehe. Makala haya yanadai kwamba majibu yote mawili hayatoshelezi. Hoja yetu ni kwamba mtu hushika upinde ili awe mtu wa namna fulani machoni pa watu fulani, na kwamba hujifunza jambo hilo kutoka kwa mtu, kama vile mtoto ajifunzavyo lugha. Ili kuithibitisha hoja hiyo tutaangalia kwanza msamiati wa Kiswahili, kisha mifano mitatu: Wahadzabe wa Tanzania, Ishi wa California na mwanafunzi wake Saxton Pope aliyefika Tanganyika, na mwisho Waata wa Tsavo.

2.0 Ushahidi wa Msamiati

Kiswahili kina majina mawili ya chombo hiki. Uta ni neno kongwe. Wanaisimu wa Kibantu hulirejesha katika Mame-Bantu kwa mzizi *-tá, na lugha kama Kikuyu na Kikamba zinalo hadi leo katika umbo linalokaribiana sana na letu. Upinde, kwa upande mwingine, ni neno linalojieleza lenyewe: limenyambuliwa kutokana na kitenzi pinda. Neno la kwanza lilirithiwa. La pili linataja umbo linaloonekana kwa macho, na ndiyo maana limeweza kuhamishiwa hata angani katika upinde wa mvua.

Vitenzi navyo vinafundisha. Kuwinda na kusaka hutaja shughuli nzima, yaani kutafuta, kufuata nyayo, kunyemelea na kuvizia. Kufuma hutaja tendo la mwisho tu, la mshale au mkuki kumpata mnyama. Kwa hiyo mtu anaweza kuwinda kutwa asifume kitu, na bado tukasema kwa haki kwamba amewinda. Methali isemayo kwamba msasi haogopi mwiba haitaji nyama wala shabaha. Inataja tabia ya mtu. Hapa pana dokezo la kwanza la jibu letu: katika lugha hii, uwindaji hupimwa kwa jinsi mtu alivyo kabla ya kupimwa kwa kile alicholeta nyumbani.

3.0 Wahadzabe: Upinde na Kambi

Wahadzabe ni watu elfu moja na zaidi kidogo waishio kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Lugha yao, Kihadza, ina sauti za vidoko, na hadi sasa haijathibitishwa kuwa na nasaba na lugha nyingine yoyote. Mtoto wa kiume hupewa upinde mdogo akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, na tangu hapo huuzoea kila siku kwa kulenga vitu vidogo karibu na kambi. Hapana shule wala somo. Kuna kuiga, kukosea na kuchekwa. Anapokua, hutengeneza upinde wake mwenyewe, hufua vyembe kutokana na misumari, na hupaka mishale ya wanyama wakubwa sumu itokanayo na mimea kama Adenium.

Kama njaa ingekuwa ndiyo sababu ya pekee, tungetarajia kazi hii ilipe vizuri. Hawkes, O'Connell na Blurton Jones (1991) walionyesha kwamba hailipi hivyo: katika uchunguzi wao, mwindaji wa Kihadzabe alikosa mnyama mkubwa katika takriban siku 97 kati ya kila siku 100 alizowinda. Tena nyama ikipatikana hugawiwa kambi nzima, na aliyefuma hana uwezo wa kuizuia kwa ajili ya wanawe peke yao. Kutokana na hayo Hawkes alitoa nadharia kwamba wanaume huwinda wanyama wakubwa ili waonekane, si ili walishe kaya zao. Marlowe (2003) alijibu kwa takwimu nyingine. Alionyesha kwamba mchango wa mume katika chakula cha kaya huongezeka wakati mkewe anapomnyonyesha mtoto mchanga. Kwa maoni yetu mjadala huo haukuwa wa bure, ila pande zote mbili zilihesabu kilo na kalori zaidi ya kusikiliza kile kinachosemwa kambini.

Tukisikiliza, mambo mawili yanajitokeza. La kwanza ni kwamba Kihadza kina seti ya majina maalumu ya wanyama wakubwa, kumi na ushei, ambayo hutumika pale tu mnyama anapokuwa ameuawa. Pundamilia aliye hai ana jina lake la kawaida. Akishafumwa na kufa hutangazwa kwa jina jingine. Jambo la kuvutia zaidi kwa mwanaisimu ni kwamba maneno hayo ya kutangazia yana umbo la kitenzi cha kuamuru, na huelekezwa kwa wasikilizaji. Kwa maneno mengine, sarufi yenyewe inamhitaji msikilizaji. Mnyama hufumwa porini, lakini uwindaji haujakamilika mpaka uwe umeambiwa watu.

La pili linaonekana kupingana na hilo. Woodburn, aliyeanza kufanya utafiti miongoni mwa Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, ameeleza kwamba mwindaji aliyefanikiwa hurudi kambini akaketi kimya pamoja na wenzake, akaiacha damu iliyo kwenye wano la mshale wake imsemee. Kujisifu ni aibu. Sisi hatuoni mgongano hapa. Ni pale ambapo jamii imekwisha kuweka neno rasmi la kutangazia tukio ndipo mhusika anapoweza kunyamaza. Hahitaji kujitungia sifa, kwa sababu lugha imekwisha kumwekea mahali pake.

Mahali hapo pana jina. Sehemu fulani za mnyama mkubwa huitwa nyama ya epeme, nazo huliwa faraghani na wanaume waliokwisha kuingizwa katika daraja hilo. Kijana hufikia daraja la epeme kwa kufuma mnyama mkubwa au kwa kutimiza umri. Aidha, katika mchezo wao wa kamari uitwao lukuchuko, mwanamume anaweza kupoteza mishale yake ya sumu na vitu vingine vya thamani, lakini upinde wake, mishale isiyo na sumu na mkoba wake wa ngozi havichezewi. Mali hubahatishwa, ila kile kinachomfanya mtu awe mwanamume miongoni mwa wanaume hakiwekwi rehani.

4.0 Ishi na Daktari: Upinde Unaovuka Lugha

Mfano wa pili unatupeleka mbali, lakini utaturudisha Tanganyika. Mnamo Agosti 1911, mwanamume mmoja alijitokeza karibu na mji wa Oroville, California, akiwa peke yake na mwenye njaa. Alikuwa wa mwisho katika Wayahi, tawi la kusini la Wayana, ambao waliuawa kwa wingi na walowezi katika karne ya 19. Mila za watu wake zilimkataza kujitaja jina, kwa hiyo mwanaanthropolojia Alfred Kroeber alimwita Ishi, neno lenye maana ya mtu mume katika lugha ya Kiyana. Kufanana kwake na kitenzi chetu cha kuishi ni sadfa tu.

Ishi aliishi katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco. Wataalamu wawili walimkaribia kwa njia tofauti. Katika kiangazi cha mwaka 1915, Edward Sapir alikaa naye akiandika lugha yake. Baadaye, mwaka 1929, Sapir alichapisha makala mashuhuri kuhusu maumbo ya kiume na ya kike katika Kiyana, ambamo umbo kamili la kiume lilitumika mwanamume alipozungumza na mwanamume mwenzake tu. Mtaalamu mwingine alikuwa daktari wa upasuaji, Saxton Pope, ambaye hakutafuta sarufi bali alitaka kufundishwa upinde. Ishi alimfundisha kuchonga, kulenga na kunyemelea, na wawili hao wakawa marafiki. Kifua kikuu kilimwua Ishi mwezi Machi 1916.

Matokeo ya ukaribu huo wa aina mbili yanastahili kutafakariwa. Kiyahi hakikupata mrithi. Kilibaki katika madaftari. Upinde ulimpata mrithi. Pope alichapisha utafiti juu ya upinde wa Wayahi mwaka 1918, kisha mwaka 1923 akatoa kitabu kilichowavuta Wamarekani wengi kwenye uwindaji wa mishale. Mwaka 1934 jimbo la Wisconsin lilitenga msimu wa kuwinda paa kwa upinde, na majimbo mengine yakafuata. Watu hao walikuwa na bunduki, na bucha hazikuwa mbali. Walichokitafuta ni kile kilichomvutia Pope kwa mwalimu wake: kulazimika kumkaribia mnyama hadi hatua chache, kunyamaza, kungoja, na mara nyingi kurudi mikono mitupu bila kujiona wameshindwa. Kuita jambo hilo starehe ni kulipunguza. Ni unafunzi, hata kama mwalimu wa kwanza amesahauliwa na walio wengi.

5.0 Tanganyika, Tsavo na Neno Jangili

Mwaka 1925, Pope na rafiki yake Arthur Young walifika Tanganyika kuwinda simba kwa mishale, wakilindwa na bunduki za wenzao. Safari hiyo ilizaa kitabu kingine mwaka 1926, na wawindaji hao walihesabiwa kuwa mashujaa.

Tuwalinganishe na Waata, ambao majirani zao waliwaita Waliangulu. Hawa ni watu wasemao lugha iliyo karibu na Kioromo, na waliwinda tembo katika nyika ya Tsavo, Kenya. Pinde zao zilikuwa miongoni mwa pinde zenye nguvu kuu duniani. Kuuvuta mmoja kulihitaji nguvu ya kuinua zaidi ya ratili 100. Sumu yao ilitoka katika msunguti (Acokanthera), na huusimamisha moyo. Ni kweli kwamba pembe zilifika kwa wafanyabiashara wa pwani, na hatuna sababu ya kulificha hilo. Lakini kijana wa Kiata hakushika upinde kwa sababu ya bei ya pembe huko ng'ambo. Alishika upinde wa baba yake kwa sababu ndio uliomfanya awe Mwata.

Mwaka 1948 nchi hiyo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Tsavo. Katika kampeni ya miaka ya 1956 na 1957, wawindaji wengi wa Kiata walikamatwa na kufungwa. Mpango wa Galana, ulioanzishwa mwaka 1960 ili kuwapa nafasi ya kuwinda kihalali, haukuurudisha uwindaji wao wa asili, na mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote wa leseni. Wakati huo huo, katika miaka ya 1970 na 1980, maelfu ya tembo waliuawa, hasa kwa bunduki.

Jina lililowapata Waata na wenzao ni jangili. Neno hili hunasibishwa na asili ya Kihindi, lenye maana ya mtu wa porini au asiyestaarabika. Katika Kiswahili limekuwa istilahi ya kisheria: awindaye bila kibali. Ona kilichotokea kimaana. Sifa ya mahali, kwamba mtu ni wa pori, imegeuka kuwa kosa, na kosa hilo halitofautishi kati ya mwenye upinde wa babu yake na mwenye bunduki ya rashasha. Kinyume chake, mgeni mwenye leseni na upinde huitwa mwanamichezo au mwindaji wa kitalii. Tendo ni moja. Majina ni matatu, na kila jina limekwisha kutujibia swali la kwa nini kabla hatujauliza.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba njaa na starehe ni majibu yanayotolewa na mtazamaji. Kwa mhusika mwenyewe, upinde hushikwa kwa kurithiwa kutoka kwa mtu, na hutumiwa mbele ya watu wenye neno la kulitambua tendo lake. Mhadzabe ana kambi inayongoja kuambiwa. Pope alikuwa na Ishi. Mwata alikuwa na baba yake. Haya hayabatilishi haja ya kuwalinda wanyamapori, na mwandishi hadai kwamba sheria zifutwe. Anachodai ni kwamba sheria iliyoandikwa kwa neno moja tu, jangili, haiwezi kujua inachokikomesha.

Kwa wanafunzi wetu kuna kazi ya haraka. Wazee waliowahi kuvuta pinde hizo wanazidi kupungua, na msamiati wao unakwenda nao. Tusiridhike kuandika majina ya vyombo kama alivyoandikiwa Ishi. Tuulize pia ni nani aliyemfundisha mzee huyo, na alipofuma kwa mara ya kwanza alimwambia nani.