Kumbukumbu na Makro katika Programu za Mawasiliano ya Mitambo: Haja ya Istilahi za Pamoja Mpakani Rusizi

Ikisiri

Makala hii inafafanua jinsi programu za mawasiliano ya mitambo zinavyotumia kumbukumbu na makro, na kuonyesha kuwa utata wa istilahi za Kiswahili katika uwanja huu unaweza kuzaa makosa ya kiufundi.

1.0 Utangulizi

Kituo cha umeme cha Ruzizi II, kilichoanza kazi mwaka 1989, kipo kwenye mto unaotenganisha Wilaya ya Rusizi na Kongo. Kinaendeshwa na SINELAC, shirika lililoundwa mwaka 1983 na Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati huo. Kiswahili huvuka mpaka huo kila siku, na tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi nchini Rwanda. Hata hivyo, kuwa na lugha ya pamoja si sawa na kuwa na istilahi za pamoja.

2.0 Utendaji wa Programu

Modbus, itifaki iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979, ni mfano unaofaa. Kifaa cha kupimia kina cha maji huweka vipimo vyake katika rejesta, yaani visanduku vya kumbukumbu vyenye biti 16 kila kimoja. Kipimo cha biti 32 huhitaji rejesta mbili, na itifaki haikuamua ipi itangulie. Programu ikizisoma kinyume, namba inayopatikana huwa si kina halisi. Vilevile, rejesta inayoandikwa 40001 katika miongozo mingi huombwa kwa anwani 0 ndani ya ujumbe.

Makro hupunguza hatari hiyo. Jina moja, mathalani KINA_CHA_MAJI, huhusianishwa na anwani mara moja tu; anwani ikibadilika, marekebisho hufanywa mahali pamoja na programu hujengwa upya.

Kwa upande wa kumbukumbu, programu hutenga nafasi ya kupokea jibu. Ombi moja la kusoma haliwezi kuzidi rejesta 125, yaani baiti 250 za data. Nafasi inayotengwa kwa kila ombi isipoachiliwa, programu inayokesha kwa miezi huweza kuishiwa kumbukumbu na kusimama.

3.0 Utata wa Istilahi

Neno "kumbukumbu" hutaja pia taarifa zilizohifadhiwa. Kwa hiyo, agizo "futa kumbukumbu" laweza kumaanisha kuachilia nafasi iliyokwisha kutumika, au kuondoa vipimo vya mwezi mzima. Fundi mmoja akikusudia maana ya kwanza na mwenzake akatekeleza ya pili, hasara haiponywi na kamusi. Hali kadhalika, "kuunganisha" hutumika kwa nyaya, kwa sehemu za programu na kwa jina na anwani yake.

Inapendekezwa "kutenga" na "kuachilia" vitumike kwa nafasi ya kumbukumbu, "kufuta" kwa taarifa pekee, "kuunganisha" kwa nyaya na sehemu za programu, na "kuhusianisha" kwa jina na anwani.

4.0 Hitimisho

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ndicho chombo kinachofaa kusanifisha istilahi hizi. Kabla ya kuchapishwa, zijaribiwe na mafundi wa Kamembe, Bukavu na Bujumbura katika maagizo halisi ya kazi. Istilahi inayoeleweka mezani lakini ikatatanisha mbele ya mtambo haijakamilika.