Mzee Anayelala Peke Yake

Zamani wapagazi wa Kinyamwezi walitoka Tabora kwenda Bagamoyo kwa msafara. Hawakwenda mmoja mmoja, kwa sababu njia ilikuwa na hatari. Leo wazee wengi vijijini mwetu hulala peke yao.

Bibi mmoja alianguka usiku, akavunjika nyonga. Alipiga yowe, lakini sauti haikufika kwa jirani. Alikutwa saa sita mchana.

Basi tufanye hivi:

1. Kila asubuhi jirani abishe hodi kwa mzee. Pangeni zamu.
2. Mpeni mzee filimbi. Ikilia, kimbieni kama mnavyokimbilia mwano.
3. Tochi ikae kando ya kitanda. Amulike chini kabla ya kukanyaga. Huenda kuna nyoka.
4. Moto uzimwe kabla ya kulala. Kibatari kisikae karibu na chandarua.
5. Akianguka akashindwa kusimama, msimvute. Mbebeni kwa kitanda hadi zahanati.
6. Akiungua, mwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20. Msipake mafuta wala chumvi.

Chagueni wabebaji wanne mapema, kabla ya ajali. Je, mzee wa jirani yako ameamkaje leo? Nenda ukabishe hodi.