Maumivu ya Uso Yasiyotoka Katika Jino



Jirani yetu, mama aliyepita miaka 60, alianza kwa kulalamika jino. Aking'olewa moja, kisha la pili, kisha la tatu, na maumivu yakabaki palepale. Yalimjia ghafla upande mmoja wa uso mfano wa umeme, yakamshika nukta chache, yakamwachia, kisha yakarudi. Kutafuna kuliyaamsha, na upepo wa dirishani uliyaamsha. Lililotuhuzunisha zaidi ni kwamba hata maji ya udhu yaliyaamsha, akawa akisikia adhana hutetemeka. Kumwambia atayamamu hakukumfaa, kwani mkono wa vumbi nao hupita usoni. Watu wakasema ni husuda. Sisi nasi, kwa haya twakiri, tulimsomea wala hatukumhimiza aende kwa tabibu, na hali Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu.

Maradhi haya huitwa nyuraljia ya trijemina. Kila upande wa uso una neva yenye matawi matatu: la paji na jicho, la shavu na taya ya juu, na la taya ya chini. Mara nyingi mshipa wa damu huigandamiza neva hiyo karibu na shina la ubongo, ukaisugua kwa kila pigo la moyo hata ala yake ikalika. Kwa wachache sababu ni uvimbe au maradhi mengine, ndiyo maana daktari hutaka picha ya kichwa. Huwapata zaidi waliopita miaka 50, na wanawake kuliko wanaume.

Dawa ya kwanza ni vidonge vya carbamazepine, vilivyojulikana kuyafaa maradhi haya tangu 1962. Huwasaidia wengi, ila huleta usingizi na kizunguzungu, na atokwaye na vipele arudi hospitali upesi. Visiachwe ghafla, hata kwa ajili ya saumu. Daktari aulizwe kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.

Vidonge visipofaa, uko upasuaji wa kufungua fuvu nyuma ya sikio na kuutenga mshipa wa damu na neva. Nafuu yake ndiyo idumuyo zaidi, lakini si kila mzee auwezaye. Kwa hao kuna njia ya sindano. Huingizwa shavuni karibu na pembe ya mdomo, ikapita katika tundu la asili chini ya fuvu hata kwenye fundo la neva. Hapo daktari huichoma neva kwa joto, au huitilia gliserini, au hujaza kipulizo kidogo kikaibana kwa muda mfupi. Njia hii ya kipulizo ilitangazwa na Mullan na Lichtor wa Chicago mwaka 1983.

Habari ya gliserini ni ya ajabu. Huko Stockholm, Håkanson na wenziwe waliichanganya na unga wa madini ili tu mahali pa neva paonekane katika picha. Wakaona wagonjwa wanapata nafuu kwa gliserini yenyewe! Wakaitangaza mwaka 1981. Mji huohuo ndio wa Lars Leksell, aliyebuni mashine ya miale ya gama isiyohitaji kisu wala sindano, ingawa nafuu yake huweza kungojewa wiki nyingi.

Njia hizi zina gharama yake mwilini. Uso huweza kufa ganzi, na tawi la jicho likiguswa, jicho halihisi tena vumbi na huhitaji kuangaliwa sana. Maumivu nayo huweza kurudi baada ya miaka, ikabidi kurudia.

Watoto wa jirani yetu walichanga, wakauza na kipande cha shamba, akasafirishwa Bara Hindi, akatiwa kipulizo. Tulipomzuru aliporejea, alituambia shavu lake ni kama la mtu mwingine, na chai ya moto huionja kwanza kwa upande wa pili. Kisha adhana ya alasiri ikasikika, akatuomba ruhusa, akaenda kutia udhu.