Kuzima ESC: je, gari inapata mbio zaidi?

Wapenda gari wanaijua: buto ndogo karibu na volani, yenye picha ya gari inayoacha alama mbili za kuyumba nyuma yake. Toyota wanaandika VSC, Mercedes ESP, BMW DSC, Porsche PSM. Jina la jumla ni ESC, mtambo wa kuzuia gari isipotee njia ikianza kuteleza. Na wapenda mbio wa kila nchi wako na neno moja: zima ile kitu, motere ipumue. Tuangalie kama ni kweli.

Kompyuta ya ESC inalinganisha mambo mawili, mara nyingi kwa kila sekunde: shofere anageuza volani kuelekea wapi, na gari yenyewe inaelekea wapi. Ikiona haviendi pamoja, inafunga breki ya gurudumu moja tu, bila shofere kugusa pedali, na inaweza pia kupunguza nguvu ya motere. Mwenye kupiga kasia kwenye Ziwa Kivu ataelewa haraka: ukizamisha kasia upande wa kushoto na kulikaza, mtumbwi unageukia kushoto. Ni vilevile. Nyuma ya gari ikianza kukimbilia nje ya kona, gurudumu la mbele la upande wa nje linafungwa, na gari inanyooka. Gari ikikataa kukata kona, ikitaka kwenda moja kwa moja, linafungwa la nyuma la upande wa ndani.

Mercedes na Bosch waliitoa sokoni mwaka 1995. Marekani iliilazimisha kwa gari ndogo zote mpya kuanzia modeli za 2012.

Sasa, mbio. Wanaoilalamikia hawasemi uongo mtupu. Kwenye uwanja wa mashindano, shofere mzoefu anaacha gari iteleze kidogo kwa kusudi, juu pine inavuta vizuri zaidi ikiteleza kidogo kuliko ikiwa haitelezi hata kidogo. Mitambo ya kwanza haikujua tofauti hiyo. Ikihisi kuteleza, inakata motere, gari inatoka kwenye kona kama mgonjwa, na breki zinapata moto kwa kazi ambayo shofere hakuagiza. Pale wanapopima kwa sehemu za sekunde, hiyo ni hasara kubwa.

Lakini kufunga gurudumu moja si adui wa mbio. Mwaka 1997, McLaren ya Formula 1 iliwekewa pedali ya ziada ya kufunga gurudumu moja la nyuma, ili gari ikate kona vizuri. Ilikuwa siri, mpaka mpiga picha mmoja alipoona diski ya nyuma inawaka nyekundu wakati gari inaongeza mwendo! Wapinzani wakalalamika, na mwanzoni mwa msimu wa 1998 ikakatazwa. Mtu hakatazi kitu kinachochelewesha mpinzani wake. Baadaye McLaren wenyewe walirudisha wazo hilo katika gari yao ya barabarani, MP4-12C, safari hii kompyuta ikiwa ndiyo inafunga. Ferrari nao, katika 458 Speciale ya 2013, waliweka programu inayoacha gari iteleze mpaka kipimo fulani, kisha inaishika. Kwa gari kama hizo, mtu ambaye si bingwa anaweza kuzunguka uwanja haraka zaidi mtambo ukiwa unafanya kazi.

Wengi wetu tunamkumbuka Paul Walker wa filamu za Fast & Furious. Alikufa Novemba 2013 huko California, akiwa abiria ndani ya Porsche Carrera GT, gari ya farasi zaidi ya 600 iliyotengenezwa bila ESC. Wachunguzi walitaja mwendo wa karibu kilomita 150 kwa saa, mahali ambapo mwisho ni 72, na pine zenye miaka tisa. Tukazie hapo kwenye pine. ESC inagawa tu mshiko uliopo. Pine ikikauka ao ikiisha meno, hakuna kompyuta itakayoirudishia.

Kwa hiyo, kuzima hakuongezi hata farasi mmoja kwenye motere. Kwenye barabara zetu kuna sababu moja nzuri ya kuzima: matope. Gari ikikwama, magurudumu yanahitaji kuzunguka kwa nguvu ili yajitoe, na mtambo unakata motere kila mara yakizunguka bure. Hapo zima, toka, kisha washa tena mara tu unapofika pagumu.

Ile taa kwenye tablo nayo inasema kitu. Ikimulika na kuzimika wakati gari inateleza, mtambo uko kazini. Ikibaki imewaka siku nzima bila wewe kugusa buto, mtambo umelala na unaendesha bila ulinzi. Mwambie fundi aanzie kwenye sensa za ABS na nyaya zake karibu na magurudumu: ziko palepale mawe na matope yanapopiga.