Kioo cha Migori na Mizani Iliyomezwa

Mshairi akikupa utenzi wenye mizani nane kila kipande, nawe ukausoma kwa kumeza silabi, lawama si ya mtunzi bali ni ya ulimi wako. Hayo niliyajua tangu ujana. Sikujua kuwa yatakuja kunifaa mbele ya kompyuta.

Mpwa wangu anafanya biashara mjini Migori, akiuza kompyuta na vioo vyake. Nilipokwenda kumzuru nilimkuta amejiinamia. Kijana mmoja wa Homa Bay alinunua kwake kioo cha kuchezea michezo, akaahidiwa picha 144 kwa kila sekunde. Sasa alikuwa amepiga simu akilalama kuwa kioo kinatoa 60 tu, na kwamba atawaonya wenzake wasilikanyage duka lile. Sisi tuliosomea chuoni twaujua uzito wa mtu kutuhumiwa kupunja kipimo.

"Mjomba," akaniambia, "twende sote. Ikiwa ni kweli, nitamrudishia fedha zake. Ikiwa si kweli, nawe uwe shahidi."

Tukapanda matatu, tukapitia Rongo, tukafika Homa Bay alasiri. Kijana tulimkuta kibandani mwake, ambamo vijana wa mtaa hulipa kidogo wakacheza.

"Karibu, mzee," akasema kwa adabu. "Mimi sina ugomvi na wewe, lakini pesa yangu ni ya jasho."

Jirani mmoja alikuwa amekwisha kutoa hukumu: umeme wa Kenya ni wa hezi 50, basi kioo kitapitaje hapo? Maneno yanaingia akilini, lakini si kweli. Umeme wa ukutani hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu kabla ya kutumiwa na kioo, na kioo hakifuati mdundo wa umeme huo.

Hezi, kipimo kilichopewa jina la mtaalamu wa Ujerumani, Heinrich Hertz, ni hesabu ya mara ngapi jambo hutukia kwa sekunde. Kioo cha hezi 60 hubadili picha kila baada ya milisekunde kama 17; cha 144, kila baada ya 7 hivi. Katika mchezo wa mbio, jicho huona mwendo laini zaidi, na mkono hupata habari mapema.

Mpwa wangu akafungua mipangilio ya Windows, akaingia penye kioo. Naam, palikuwa na 60. Kumbe kompyuta mara nyingi huanza na kiwango hicho hata kama kioo kina uwezo zaidi, mpaka mwenyewe aiamuru. Akaitazama orodha: ilikomea 120. Akazunguka nyuma, akaona waya wa HDMI. Tundu la HDMI la kioo kile lilikuwa la toleo la zamani, halikuweza kupitisha zaidi. Ndani ya sanduku waya wa DisplayPort ulikuwa ungali mfukoni mwake, haujaguswa. Akauchomeka kwenye kadi ya picha, na 144 ikatokea.

Kijana akafungua mchezo. Bado 60! Wote tukatazamana. Mpwa wangu akatafuta ndani ya mchezo wenyewe, akakuta umewekewa kikomo cha picha 60. Akakiondoa, hesabu ikapanda hadi 90, ikasita. Hapo palikuwa na sababu ya tatu: kioo hakiwezi kuonyesha picha ambayo kadi haijaichora. Wakapunguza vivuli na mapambo ya mchezo, hesabu ikapita 130.

Kibanda kikanyamaza. Kijana akaushika mkono wa mpwa wangu. "Nimekukosea," akasema. "Nilikuita mwizi mbele ya watu."

Mpwa wangu akainamisha kichwa. "Nami nimekukosea. Nilikuuzia kipimo bila ya kukufundisha njia ya kukifikia."

Nilikwenda pale kama shahidi wa mmoja, nikarudi shahidi wa wawili. Muuzaji hakupunja, wala mnunuzi hakusema uongo: kila mmoja aliisema nusu aliyoiona.

Siku hizi mpwa wangu hutia kikaratasi katika kila sanduku, chenye mistari mitatu: tazama waya, tazama mipangilio, tazama nguvu ya kadi. Na chini yake ameandika nambari yake ya simu, mteja ampigie yeye kabla ya kuwapigia wengine.